Mjeledi wa Kusuka: Namna ya Kupanga na Kupima Nyuzi Zisikuishie Njiani

Wanaojaribu kusuka mjeledi wa nailoni hukwama mahali pamoja. Mpini umekaa sawa, msuko umebana, vidole vimeshazoea mwendo, halafu wakifika kwenye sentimita ya 110 uzi mmoja unabaki mfupi kama kidole. Kazi ya siku mbili inasimama hapo. Nimeshikishwa mijeledi ya namna hiyo mingi, na karibu yote imesukwa vizuri. Kosa lilifanyika kabla ya msuko kuanza, siku ya kukata.

Msuka ukili akiishiwa na miyaa huchomeka mwingine akaendelea, na mkeka hautasema chochote. Kwenye mjeledi huwezi. Uzi ulioungwa huacha kinundu, na mkunjo wa nguvu unaosafiri kutoka mkononi kwenda nchani hupoteza kasi pale pale kwenye kinundu. Kwa hiyo kila uzi hukatwa mara moja, na ni lazima utoshe.

Mwongozo huu unahusu mjeledi mmoja tu: mwili wa sm 150, yaani mpini wa sm 20 na mkia wa sm 130, uliosukwa kwa parakodi, ile kamba nyembamba ya nailoni ya miamvuli ya anga. Ukiuelewa huu, mjeledi wa urefu mwingine utaupangia mwenyewe kwa hesabu zile zile.

## Vifaa

- Parakodi ya nyuzi 7 za ndani, unene wa takriban mm 4. Nunua mabunda 2 ya futi 100, ambayo ni kama mita 61 kwa jumla. Mjeledi wenyewe utakula karibu mita 37. Nyingine ni za majaribio na za ulimi, ile kamba moja inayofungwa mwisho wa msuko.
- Ufito wa mbao ngumu, kipenyo mm 10, urefu sm 20.
- Gololi ndogo za chuma za mm 4.5, kama 115.
- Uzi wa nailoni uliopakwa nta, au uzi imara wa kushonea nyavu.
- Tepu ya umeme na selotepu ya karatasi.
- Tepu ya kupimia, rula yenye milimita, kalamu ya wino usiofutika, chaki.
- Mkasi mkali, kiberiti cha gesi, mipira ya kufungia noti.
- Daftari. Usiliache, utalihitaji kuliko mkasi.

Kamba nyingi zinazouzwa kwa jina la parakodi si nailoni. Kabla ya kulipa, chomoa nyuzi mbili tatu za ndani, zikate vipande vidogo, zilowanishe na kuziminya ndani ya maji ili hewa itoke. Nailoni huzama. Zikiendelea kuelea, hiyo ni polipropilini: inateleza, inakakamaa, na vipimo vya humu havitaifaa.

## Maneno manne nitakayoyatumia

*Kiini* ni kile kilicho katikati kabisa. *Tumbo* ni tabaka la ndani lililosukwa juu ya kiini. *Ngozi* ni tabaka la nje, lile linaloonekana. *Kuzika* uzi ni kuuondoa kwenye msuko na kuulaza ndani, ili zile zinazobaki ziendelee kusukwa juu yake.

Neno la mwisho ndilo lenye kazi. Mafundi wa Australia wanaosuka kwa ngozi ya kangaruu huchonga kila ukanda uwe mpana mwanzoni na mwembamba mwishoni, kwa hiyo mjeledi hukonda wenyewe. Parakodi ina upana uleule toka mwanzo hadi mwisho. Njia pekee ya kuukondesha mjeledi wa nailoni ni kupunguza idadi ya nyuzi kadiri unavyoshuka. Ni kinyume cha twende kilioni, ambapo msusi huokota nywele nyingine kila anaposonga mbele. Sisi tunaacha kila tunaposonga mbele.

Na ni lazima ukonde. Mlio wa mjeledi hutokea pale ncha inapopita kasi ya sauti, takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa ya kawaida. Nguvu ileile ya mkono inapofika sehemu nyembamba na nyepesi zaidi, sehemu hiyo hukimbia zaidi. Mkia wenye unene mmoja hautafika huko.

## Hatua ya 1: Chora mjeledi sakafuni

Chora kwa chaki mstari wa sm 150. Weka alama 0 kwenye kitako cha mpini, 20 mpini unapoishia, na 150 mwisho wa msuko. Kisha weka alama za kuzika nyuzi za ngozi: 50, 80, 110 na 135. Tutaanza na nyuzi 12, na kila alama tunazika 2, moja kutoka kushoto na moja kutoka kulia. Nyuzi zitakwenda 12, 10, 8, 6, na kumalizia 4.

Tumbo weka alama zake kwa rangi nyingine. Linaanza kusukwa 20 kwa nyuzi 6, linazika 2 kwenye 70, linaishia 105 likiwa na 4.

Angalia kwamba hakuna alama ya tumbo inayoangukia juu ya alama ya ngozi. Ni kwa makusudi. Ukizika nyuzi za matabaka mawili mahali pamoja, mjeledi hutoka ukiwa na mabega, mnene ghafla kisha mwembamba ghafla, na hujikunja pale pale kila unapourusha. Acha angalau sm 5 kati ya alama na alama.

Mchoro huu usiufute hadi mjeledi uishe. Utaulaza kazi yako juu yake mara nyingi.

## Hatua ya 2: Tayarisha kamba kabla ya kugusa tepu

Hapa ndipo kizazi kizima cha mijeledi mifupi kinazaliwa. Watu hupima kamba kama ilivyotoka dukani, wakakata, ndipo wakatoa nyuzi za ndani. Ganda likibaki tupu hubadilika urefu, na nailoni mpya husinyaa ikipata maji ya moto.

Fanya hivi. Ikunjue kamba yote, iloweke kwenye maji ya moto kwa dakika chache, kisha ianike ikauke kabisa kivulini. Kabla ya kuloweka, weka alama mbili za kalamu zilizoachana sm 100 kamili; ukipima tena baada ya kukauka utaona mwenyewe imesinyaa kiasi gani. Andika.

Kisha kata vipande vya kama mita 3, toa nyuzi 7 za ndani, na uvute ganda kati ya vidole mara mbili tatu hadi lilale bapa na kukoma kunyooka. Ganda hilo tupu ndilo uzi wa kusukia, na sasa ndipo linapimika.

Vipande vya mita 3 vinatosha kwa sababu uzi mrefu kuliko wote kwenye mjeledi huu ni sm 275. Nyuzi za ndani usizitupe. Zitatengeneza kishungi, kile kipande kifupi cha kusokota kinachokaa nchani kabisa.

## Hatua ya 3: Tafuta upana wa uzi wako

Laza maganda 10 bapa, ubavu kwa ubavu, yakigusana bila kupandana. Pima upana wa yote kwa rula, gawanya kwa 10. Kupima uzi mmoja peke yake hukosesha, maana milimita moja ni kubwa mno kwenye uzi wa milimita 5.

Parakodi yangu huwa karibu na mm 5, na ndiyo namba nitakayoitumia. Yako ikiwa 4.5, tumia 4.5 kila mahali. Usilazimishe yangu.

## Hatua ya 4: Jenga kiini na tumbo kwanza

Usikate nyuzi za ngozi kabla tumbo halijasukwa. Urefu wa ngozi unategemea unene wa kilicho chini yake, na unene huo huwezi kuujua hadi ukishike mkononi.

Kiini: kata ganda tupu sm 125. Acha sm 10 za mwanzo wazi, kisha ingiza gololi moja moja hadi zijaze sm 50, kama gololi 111. Funga kwa uzi baada ya gololi ya mwisho. Ganda likijaa hutanuka na kufupika, ndiyo maana urefu huo una ziada. Gololi zinatoa uzito ambao nailoni haina, na unautaka uzito huo karibu na mkono, mbali na ncha.

Laza zile sm 10 tupu juu ya mpini, kutoka 10 hadi 20, uzifunge kwa uzi wa nta. Gololi ya kwanza iguse mwisho wa ufito.

Tumbo: kata nyuzi 4 za sm 185 na 2 za sm 130. Hesabu yake ni hii. Kila uzi unalazwa sm 10 juu ya mpini bila kusukwa, ukafungwa. Kutoka 20 hadi 105 ni sm 85, mara 1.5, unapata 127.5. Ongeza 30 za kulala ndani mwishoni. Jumla 167.5, ongeza moja ya kumi, 184. Zile fupi zinasukwa sm 50 tu, hadi kwenye 70.

Hiyo 1.5 imetoka wapi? Ndiyo habari ya hatua ya tano. Kwa sasa suka tumbo, zika kwenye 70, maliza kwenye 105, na ncha za nyuzi zilizozikwa uzikate kwa ngazi, moja sm 20 na nyingine sm 30, zisiishie mahali pamoja. Viringisha tepu ya umeme tabaka moja toka mpini hadi mwisho, ukiivuta ibane. Sehemu ya mpini ambayo haina nyuzi za tumbo, ijaze kwa tepu hadi ilingane na jirani yake.

Utajua umefaulu hivi: ukipitisha mkono kutoka kitakoni hadi nchani ukiwa umefumba macho, vidole vinasogeleana polepole bila kuruka wala kuzama popote.

## Hatua ya 5: Tafuta kizidisho chako

Uzi kwenye msuko hauendi moja kwa moja, unazunguka. Kwa hiyo sm 1 ya mjeledi hula zaidi ya sm 1 ya uzi. Namba inayosema ni kiasi gani naiita kizidisho. Kosa kubwa ni kuamini kwamba kuna kizidisho kimoja kwa mjeledi mzima. Nimesikia watu wakirithishana "mara moja na nusu", na wengine "mara mbili", kana kwamba ni dua. Kwenye mpini mnene uzi huzunguka sana. Kwenye mkia mwembamba wenye nyuzi nyingi karibu unanyooka.

Kukisia kwa hesabu ni rahisi:

Kizidisho = mzingo ÷ (upana wa uzi × nusu ya idadi ya nyuzi)

Mzingo unaupata kwa kuzungushia ukanda mwembamba wa karatasi, ukatia alama zinapokutana, ukaunyoosha juu ya rula. Kisha ongeza mm 6, kwa sababu nyuzi zenyewe zina unene na zinazunguka nje ya kile ulichopima.

Mfano wa mpini. Mzingo mm 41, ongeza 6, ni 47. Nyuzi 12, nusu yake 6, mara upana 5, ni 30. Gawanya 47 kwa 30: unapata 1.57. Chukua 1.6.

Mfano wa mkia, mara tu baada ya mpini. Mzingo 31, ongeza 6, ni 37. Gawanya kwa 30: 1.23.

Namba hii inakueleza mambo mawili. Ikishuka hadi 1.1, nyuzi zimesongamana, hazina nafasi ya kuzunguka, zitaanza kupandana: zika mbili. Ikipanda juu sana ya 1.6, nyuzi hazitoshi kufunika na utaona tepu ikichungulia katikati ya msuko. Hapo ama uongeze nyuzi, ama ukondeshe kilicho ndani.

Lakini hesabu haijui mkono wako unavyovuta. Kwa hiyo jaribu. Kata nyuzi 12 za sm 50. Zifunge juu ya mpini halisi, tia alama ya kalamu kwenye nyuzi 4 pale msuko unapoanzia, suka sm 15 kwa mvuto utakaoutumia siku ya kazi, tia alama nyingine pale uzi unapotokea. Fumua. Pima kati ya alama na alama, tafuta wastani wa nyuzi 4, gawanya kwa 15. Rudia kwenye mkia, mara moja karibu na 30 na mara moja karibu na 45.

Wastani wa mkia mzima kwenye mjeledi huu huangukia karibu na 1.3. Unaanza 1.2 na kitu, unashuka hadi 1.1, unapanda tena kila unapozika, na zile sm 15 za mwisho zenye nyuzi 4 hula hata 1.7. Jaribio lako la mkia likitofautiana na hesabu kwa zaidi ya 0.1, amini jaribio. Ama mkono wako ni mlegevu, ama upana wa uzi uliukosea.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya kila jozi

Nyuzi 12 za ngozi hazina urefu mmoja. Kuzikata zote sawa ni kutupa kamba, na mbaya zaidi, nyuzi ndefu zisizohitajika huleta mafundo kila dakika.

Kila uzi una sehemu tano: sm 5 za kufungia kitakoni, sm 20 za mpini mara 1.6, ambazo ni 32. Sehemu ya mkia hadi unapozikwa, mara 1.3; sm 30 za kulala ndani baada ya kuzikwa; na moja ya kumi ya jumla kama akiba.

- Jozi ya kwanza, inazikwa 50: 5 + 32 + 39 + 30 = 106. Na akiba 116.6. Kata 120.
- Jozi ya pili, inazikwa 80: 5 + 32 + 78 + 30 = 145. Na akiba 159.5. Kata 160.
- Jozi ya tatu, inazikwa 110: 5 + 32 + 117 + 30 = 184. Na akiba 202.4. Kata 205.
- Jozi ya nne, inazikwa 135: 5 + 32 + 149.5 + 30 = 216.5. Na akiba 238. Kata 240.
- Nyuzi 4 za mwisho, zinafika 150: 5 + 32 + 169 = 206, ongeza 40 za kufungia ulimi, 246. Na akiba 270.6. Kata 275.

Jumla yake ni mita 25.5. Tumbo lilichukua 10, kiini 1.25.

Sm 40 za mwisho usizipunguze ukidhani ni za bure. Vidole vinahitaji kitu cha kushika. Uzi uliobaki sm 8 upo kwa macho tu, kuuvuta ubane huwezi.

## Hatua ya 7: Kata, choma, tia alama

Pima kila uzi ukiwa umenyooshwa bila kuvutwa. Nailoni hunyumbuka, na ukiivuta kwa nguvu wakati wa kupima, ukiiachia inarudi, na unabaki na uzi mfupi kuliko ulioandika. Pima uzi wa kwanza wa kila jozi kwa tepu, kisha wa pili upime kwa tepu vilevile. Ukipima uzi kwa uzi, kosa dogo hukua kila mara.

Choma ncha kwa kiberiti ili zisifumuke. Fanyia mahali penye hewa, na usiikande ncha kwa kidole: nailoni iliyoyeyuka hushika ngozi ya kidole na kuendelea kuunguza.

Kila ncha ya chini ifunge kwa selotepu ya karatasi na uandike namba: 50, 80, 110, 135, 150. Kisha kunja kila uzi mrefu kwa umbo la nane na uubane kwa mpira, ukiacha sm 40 huru za kusukia.

Ukizifunga kitakoni, panga kushoto na kulia ziwe sawa: upande mmoja 50, 80, 110, 135, 150, 150, na upande wa pili hivyo hivyo. Nimewahi kuweka jozi yote ya kwanza upande wa kushoto. Nilipozika, kushoto kulibaki nyuzi 4 na kulia 6, na msuko ukaanza kujipinda kama mzizi. Nilifumua sm 30 zote.

## Hatua ya 8: Kagua kila unapozika

Ukifika kila alama, simama. Pima kilichobaki kwenye moja ya nyuzi zenye namba 150, na ulinganishe na hesabu hii:

Kinachohitajika = sentimita zilizobaki za mwili × 1.3 + 40

Kwenye 80 zimebaki sm 70. Mara 1.3 ni 91, ongeza 40, ni 131. Uzi wako ukiwa na 131 au zaidi, endelea kwa moyo mkunjufu.

Ukiwa na 115, umejua mapema, na unaweza kuuokoa mjeledi. Toa 40, zinabaki 75. Gawanya kwa 1.3, ni 57 na kitu. Mwili utaishia kwenye 137 badala ya 150. Sogeza alama mbili zilizobaki juu kwa kiasi hicho hicho cha mgawo, 110 iwe 104 na 135 iwe 125, na mjeledi utakonda vizuri, mfupi kidogo tu. Ukigundua jambo hilohilo kwenye 130, huna la kufanya ila kufumua.

Usijaribu kuokoa urefu kwa kulegeza msuko ili uzi uende mbali. Msuko uliolegea hujisogeza baada ya wiki moja ya matumizi, na mapengo yatafunguka.

Ukifaulu: kwenye 150 nyuzi 4 zinabaki na kati ya sm 35 na 70, na tofauti kati ya ndefu na fupi haizidi sm 5. Tofauti ikizidi hapo ilhali ulikata sawa, mkono mmoja unavuta kuliko mwingine. Angalia mjeledi kwa urefu wake na utaona mistari ya msuko ikizunguka kama ngazi ya mnara.

## Ulimi na kishungi

Ulimi ni kamba moja inayofungwa mwisho wa msuko, ndiyo inayochakaa na kubadilishwa. Kata parakodi yenye nyuzi zake za ndani, sm 80, ubaki na kama 60 baada ya kufunga. Kishungi kisokotwe kwa zile nyuzi za ndani ulizozihifadhi: kata sm 50, sokota hadi ijikunje yenyewe, ikunje katikati ijisokote pamoja, funga fundo na uache ncha zilizofumuka za sm 3. Kitabaki karibu sm 20.

Vaa miwani ya kukinga macho kabla ya kuurusha mara ya kwanza, na simama mbali na watu na mifugo umbali wa angalau mara mbili ya urefu wote, ambao sasa, pamoja na ulimi na kishungi, ni kama mita 2.3.